UZI: Mpendwa akifia nchi ya nje, mwili unarudije nyumbani? Utaratibu, karatasi na anayepaswa kulipa

Mzee wa Makaratasi (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kwa miaka sasa nimekuwa nikisaidia familia kurudisha miili ya wapendwa wao waliofia nchi za nje. Wengine walikuwa vibarua, wengine wanafunzi, wengine walikwenda kutibiwa na umauti ukawakuta hukohuko. Nataka niweke hapa utaratibu wote ninaoujua, kwa sababu mfiwa hana kichwa cha kusoma sheria, na ndiyo maana huishia kusaini kila karatasi anayowekewa mbele.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote. Mwili haukwamishwi na ndege. Mara nyingi hukwamishwa na mambo mawili: familia kuwa na wasemaji wengi, na jina la marehemu kuandikwa tofauti kwenye kila karatasi. Mkiyashika haya mawili tangu siku ya kwanza, mengine yote yana njia.

Saa za mwanzo

Habari ikishafika, tafuteni kwanza majibu ya maswali haya. Mwili uko wapi hivi sasa? Uko chini ya nani: hospitali, polisi, au mwajiri ndiye aliyeupeleka mochwari? Pasipoti yake anayo nani? Na kifo kilikuwa cha namna gani?

Hilo la mwisho ndilo linaloamua kasi ya safari. Aliyefia wodini mbele ya daktari wake, cheti hutoka upesi. Aliyekutwa amefariki chumbani, aliyepata ajali, aliyeuawa au aliyejiua, mwili wake huwa sehemu ya uchunguzi, na hakuna balozi wala pesa itakayoutoa mpaka polisi na daktari wa uchunguzi wamalize kazi yao. Wa namna hiyo msiutangazie tarehe ya mazishi. Ukishaitangaza, kila mtu anaanza kusafiri, na presha yote inamwangukia yule ndugu mmoja aliyeko kule ambaye hana uwezo wa kuharakisha chochote.

Kisha mteue mtu mmoja kule na mmoja nyumbani, na hao wawili ndio wawe mdomo wa familia. Sheria za nchi nyingi humtambua mwenzi wa ndoa kwanza, halafu watoto watu wazima, halafu wazazi, halafu ndugu. Kama mwenye haki hiyo hawezi kusafiri, aandike hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, imtaje kwa jina kamili anayemwakilisha. Nimeona mwili ukilala mochwari kwa sababu mjane anasema azikwe kulekule na kaka wa marehemu anasema asafirishwe. Mochwari haiamui kesi ya familia. Inasubiri, na gharama ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku.

Ubalozi unafanya nini, na haufanyi nini

Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, kifungu cha 37, unaitaka nchi alikofia mgeni iiarifu ofisi ya kikonseli ya nchi yake bila kuchelewa, pale mamlaka zinapokuwa na taarifa hizo. Hiyo ni haki, lakini msikae mkisubiri barua. Pigeni simu wenyewe, kisha tumeni barua pepe yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na mahali mwili ulipo. Barua pepe inabaki kwenye kumbukumbu hata anayepokea simu akibadilika zamu.

Maofisa wa ubalozi watathibitisha kifo, watawaunganisha na mamlaka za kule, watawapa orodha ya kampuni za mazishi, watagonga mihuri kwenye karatasi na kuibatilisha pasipoti. Kazi ya kuchunguza kifo ni ya polisi wa nchi ile. Na serikali nyingi duniani hazigharamii usafirishaji wa mwili. Zipo zenye mfuko wa dharura kwa raia wasiojiweza, kwa hiyo ulizeni, ila msiweke mipango yote juu ya jibu hilo.

Kabla hamjachangisha hata senti

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Familia inauza mali, inakopa, inachangisha, na baadaye kwenye begi la marehemu inakutwa bima iliyokuwa inalipia kila kitu.

Tafuteni bima ya safari. Tafuteni bima ya chuo kama alikuwa mwanafunzi, mkataba wa kazi kama alikuwa mwajiriwa, chama cha wafanyakazi, hata kadi ya benki aliyolipia tiketi, maana baadhi huja na bima. Kama aliingia Ulaya kwa viza ya muda mfupi ya Schengen, basi kanuni za viza za mwaka 2009 zilimtaka awe na bima ya angalau euro 30,000, na miongoni mwa yanayotakiwa kugharamiwa ni yale yanayotokana na kifo. Nakala ya bima hiyo aliiwasilisha kwenye maombi ya viza. Ingieni kwenye barua pepe zake, muulizeni aliyemsaidia kujaza fomu.

Mkiipata, pigeni ile namba ya dharura KABLA ya kuchukua kampuni ya mazishi. Bima nyingi zinataka zitoe idhini kwanza na zichague wakala wenyewe. Mkisaini na kampuni nyingine, bima inaweza kukataa kurudisha pesa hiyo.

Karatasi

Kila nchi ina orodha yake, lakini kwa kawaida mtaombwa hizi: cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili kutoka nchi ile, cheti cha kwamba mwili umetiwa dawa, cheti cha daktari kwamba marehemu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, tamko la kampuni ya mazishi kuhusu kilichomo ndani ya jeneza, pasipoti iliyobatilishwa au nakala yake, na kibali cha kuuingiza mwili nchini kutoka mamlaka ya afya ya nyumbani. Zikiwa kwa lugha isiyosomeka nyumbani, zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri wa apostili unatosha kuthibitisha cheti. Kama haimo mojawapo, cheti kinazungushwa wizarani na ubalozini.

Sasa sikilizeni kuhusu jina. Pasipoti imeandika jina la ukoo mwanzoni. Hospitali ikalichukua hilo ikalifanya jina la kwanza. Kitambulisho cha kazini kiliacha jina la kati. Daktari aliyejaza cheti kwa mkono akaweka herufi moja badala ya mbili. Huyo ni mtu mmoja, lakini machoni mwa forodha ni watu wanne. Kaeni na pasipoti mkononi, msome kila karatasi herufi kwa herufi, jina, tarehe ya kuzaliwa na namba, kabla jeneza halijafungwa na kabla mwili haujaondoka. Kosa likigundulika mwili ukiwa bado kule, ofisi iliyotoa cheti inalisahihisha. Likigundulika mwili umeshatua, mtarudishwa kwenye ofisi iliyo bara jingine, na waombolezaji wamekwishakaa.

Jeneza

Ulaya ina makubaliano yaliyosainiwa Strasbourg mwaka 1973 kuhusu usafirishaji wa maiti, yaliyofuata yale ya Berlin ya 1937. Nayataja kwa sababu yanaonyesha vizuri jeneza la safari linavyotakiwa kuwa. Lisipitishe majimaji, na ndani liwe na kitu cha kufyonza. Liwe ama la mbao zenye unene wa angalau milimita 20 na ndani yake sanduku la zinki lililolehemiwa kwa uangalifu au la kitu kinachooza chenyewe, ama la mbao za angalau milimita 30 lililotandikwa zinki au kitu hicho ndani. Pale mamlaka inapoona haja, linawekwa kifaa cha kusawazisha mgandamizo wa hewa wa ndani na wa nje.

Kuna kipengele kingine ambacho naomba kila familia ikishike: jeneza libebe mwili wa yule aliyetajwa kwenye hati, pamoja na vitu vyake atakavyozikwa navyo au kuchomwa navyo, basi. Msiruhusu mtu apenyeze simu, nguo za ndugu, nyaraka wala zawadi kwa kisingizio kwamba nafasi ipo. Jeneza linapita kwenye ukaguzi wa usalama kama mzigo mwingine, na kitu kisichotamkwa kikionekana humo ndani, mwili wa mzazi wenu ndio utakaozuiwa.

Na kabla halijalehemiwa, mtu anayemfahamu marehemu amwone. Ana kwa ana kama yuko kule, au kwa simu ya video kama hayupo. Ni zito, najua. Lakini miili imewahi kubadilishwa mochwari, na zinki ikishafungwa hakuna atakayeifungua njiani.

Nimeishia hapa kwa sasa. Ulizeni, nitajibu. Na wenye uzoefu wa nchi na kazi tofauti mwongezee.

---

mpakiaji

Shukrani sana mkuu, umeandika vitu ambavyo sisi wa upande wa mizigo tunavishuhudia kila mara na hatuna pa kuvisemea.

Niongezee ya uwanjani. Mwili husafiri kama mzigo, kwa stakabadhi ya mzigo wa ndege, na alama yake duniani kote ni HUM. Una masharti yake: hautakiwi kuwekwa karibu na vyakula, na aliyesoma kazi hii vizuri huupangia mahali pake kabla ya mizigo mingine. Jeneza huvikwa kasha la nje au gunia zito, kwa hiyo msishtuke mkiona boksi la kawaida lisilofanana na jeneza. Limefanywa hivyo kulilinda na kumsitiri marehemu.

Gharama huhesabiwa kwa uzito halisi au kwa ukubwa, kilicho kikubwa ndicho kinachotozwa, na baadhi ya mashirika yana kiwango chao maalumu cha maiti. Hesabu ya ukubwa iliyozoeleka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 6,000. Kasha la sentimita 210 kwa 70 kwa 60 linakuja kilo 147, hata kama marehemu alikuwa mwembamba. Kwa hiyo wakala akiwaambieni kilo nyingi msidhani mnaibiwa. Mwombeni vipimo mpige hesabu wenyewe.

Kingine: chagueni safari yenye vituo vichache. Kila kituo ni watu wapya, bohari jipya, na pengine kibali cha nchi ya kupitia. Ndege ya bei nafuu yenye vituo viwili inaweza kuwagharimu zaidi ya ile ya moja kwa moja. Na ulizeni mapema ni aina gani ya ndege inayomalizia safari, kwa sababu mlango wa mizigo wa ndege ndogo unaweza usipitishe kasha.

---

dada mkubwa

Pole kwa wote mliopitia haya. Mtoa mada, nina swali la haraka. Mdogo wangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mwajiri anasema mkataba uliisha mwezi uliopita kwa hiyo yeye hahusiki, na wakala aliyempeleka hapokei simu. Pasipoti anayo mwajiri. Tunaambiwa tulipe wenyewe. Mama haamki kitandani.

---

Mzee wa Makaratasi

Dada, pokea pole zangu za dhati, na mpe mama pole.

Kwanza, msitumie pesa yoyote kwa mwajiri wala kwa mtu anayejiita mjumbe wake. Pili, leo hii andikeni ubalozini mkiomba mambo mawili yaliyo wazi: pasipoti ichukuliwe na ubalozi, na mwajiri aitwe na mamlaka ya kazi ya nchi ile. Kushikilia pasipoti ya mfanyakazi kumepigwa marufuku hata katika nchi nyingi ambako tabia hiyo imeenea.

Kuhusu malipo, tafuteni nakala ya mkataba. Mara nyingi upo kwenye simu yake, au nakala ilibaki kwenye ofisi ya kazi ya nyumbani iliyompa ruhusa ya kuondoka. Mikataba mingi ya wafanyakazi wa nyumbani ina kifungu cha kurudisha mwili, na katika baadhi ya nchi sheria yenyewe inambebesha mwajiri gharama hiyo. Kama aliendelea kufanya kazi baada ya tarehe ya mkataba, ujumbe wa simu, picha na mashahidi vinaonyesha kwamba ajira iliendelea. Vihifadhini sasa.

Upo pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa kulinda wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Kifungu cha 71 kinazitaka nchi zilizouridhia zirahisishe kurudishwa kwa miili. Nchi nyingi zinazopokea wafanyakazi hazijauridhia, kwa hiyo hamtaweza kumshika mwajiri kwa mkataba huo peke yake, lakini utajeni kwenye barua. Ofisa anayesoma barua yenye kifungu huijibu tofauti na anayesoma ombi tupu.

Na dada, mishahara ambayo hakulipwa ni mali ya familia. Msisaini karatasi inayosema "hatudai chochote" ili mwili uachiwe. Kama mtu anawawekea sharti hilo, mwambieni aliandike, kisha lipelekeni ubalozini kama lilivyo.

---

mwana_wa_bahari

Kwa mabaharia msisahau Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006. Mwenye meli anawajibika kwa gharama za mazishi mtu akifia melini au akifia nchi kavu wakati yuko kwenye mkataba, na vitu vyake vinatakiwa vihifadhiwe na virudishwe kwa familia. Sisi tulimpoteza mwenzetu tukiwa safarini, na chama cha mabaharia ndicho kilichosimama na familia yake. Kama ndugu yako alikuwa baharia, tafuta chama kabla ya kutafuta wakili.

---

kibao_cha_mbao

Naomba ufafanuzi. Polisi wa kule wanasema lazima mwili upasuliwe. Familia hatutaki. Tunaweza kukataa? Na imani yetu haipendi mwili utiwe dawa.

---

Mzee wa Makaratasi

Ndugu, kama ni amri ya kisheria kwa sababu kifo kina utata, ridhaa ya familia haiombwi. Mnachoweza kufanya ni kuwasilisha ombi mapema, kwa maandishi, kupitia wakili au ubalozi, mkieleza imani yenu na kuuliza kama uchunguzi unaweza kuwa wa nje tu, au wa picha za mionzi pale huduma hiyo ilipo. Wengine husikilizwa.

Ukishafanyika, ulizeni maswali mawili bila aibu. Kuna kiungo au sampuli iliyobaki maabara? Kama ipo, itarudishwa lini na kwa utaratibu gani? Ni heri kujua kabla ya maziko kuliko kupigiwa simu miezi baadaye. Na ombeni nakala ya ripoti kwa maandishi. Matokeo ya vipimo vya sumu hukawia, kwa hiyo cheti cha kwanza kinaweza kusema sababu ya kifo bado inachunguzwa. Hilo peke yake si lazima liuzuie mwili kusafiri, ila bima na mirathi vitataka cheti cha mwisho. Mtu wenu wa kule asifunge faili mpaka kitoke.

Kuhusu dawa: mwili hutiwa dawa yenye formalini kupitia mishipa ya damu ili usiharibike safarini, na nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege huitaka. Lakini zipo zinazokubali mwili usiotiwa dawa ukiwa ndani ya sanduku lililozibwa kabisa na ukisafirishwa haraka. Idhini inatakiwa itoke pande tatu: nchi ya kutoka, shirika la ndege na nchi ya kuingia. Na mwambieni mwenye mochwari sasa hivi, kwa sababu kuna mahali huutia dawa moja kwa moja wakidhani wanawasaidia.

---

nuru_ya_asubuhi

Nitasema jambo ambalo huenda lisipendwe. Si kila mwili lazima urudi. Baba yetu mdogo alizikwa hukohuko na watoto wake wako huko. Ndugu walitusema sana, kwamba tumemtupa. Nadhani uzi kama huu uwaambie watu kwamba kuna njia nyingine.

---

Mzee wa Makaratasi

Nakubaliana nawe kwa moyo wote, na pole kwa maneno mliyoambiwa. Kumzika mtu pale alipo, kwa heshima, mbele ya watoto wake, hakuna kumtupa ndani yake. Kuna vifo ambapo mwili hauwezi kusafiri kabisa. Anayekufa kwa Ebola, mwili wake unaambukiza, na unazikwa na timu maalumu palepale. Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege, familia nyingi duniani zilizika kwa kutazama simu.

Wenye kufikiria majivu, imani zao zikiruhusu, wajue kwamba safari yake ni nyepesi kuliko ya mwili, na mashirika mengi huruhusu yabebwe kama mzigo wa mkononi. Chukueni cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa, na chombo cha mbao au plastiki, kwa sababu mashine ya ukaguzi haipenyezi vizuri chuma kizito na ofisa hatakifungua. Kama marehemu alikuwa na kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, mwambieni anayechoma akitoe kabla. Betri yake hulipuka kwenye moto.

Na wale wanaozika huko kwa nia ya kuja kufukua baadaye, ulizeni kwanza sheria ya kufukua ya nchi hiyo na muda wa kumiliki kaburi. Kuna nchi ambako kaburi hukodishwa kwa miaka fulani, kisha hutumiwa tena.

---

mtafuta_jibu

Kuna ndugu yetu aliingia nchi ya watu na kufanya kazi kwa jina na karatasi za mtu mwingine. Amefariki. Cheti cha kifo kimetoka kwa jina lile. Tunaogopa tukisema ukweli tutashitakiwa, tukikaa kimya mwili unakuja kwa jina la mtu aliye hai. Tufanyeje?

---

Mzee wa Makaratasi

Semeni ukweli, na mseme mapema, mkiwa na wakili au ofisa wa ubalozi pembeni. Marehemu hashitakiwi. Mkinyamaza, huyo aliye hai ataonekana amekufa kwenye kumbukumbu za nchi ile, na watoto wa marehemu hawatapata mirathi, bima wala mafao, kwa sababu kisheria baba yao hajafa.

Utambulisho unathibitishwa kwa alama za vidole, meno au vinasaba. Hivyo ndivyo vigezo vya msingi ambavyo hata INTERPOL huvitumia katika maafa ya watu wengi. Tafuteni alama zake za vidole zilizopo nyumbani kwenye kitambulisho cha taifa, rekodi za daktari wa meno kama zipo, na mzazi au mtoto wake awe tayari kutoa sampuli. Picha za makovu na chale zinasaidia kuelekeza, ila zenyewe hazitoshi. Itachukua muda, na mjiandae kwa hilo. Yule aliyemwazima karatasi ndiye mwenye la kuogopa, kwa hiyo naye atafute wakili wake mwenyewe. Msikubali wakili mmoja awasimamie wote wawili.

---

dada mkubwa

Nimerudi kuwashukuru. Pasipoti imeshachukuliwa na ubalozi na mwajiri amekubali kulipa baada ya kuitwa. Kampuni ya kule inasema mwili unaondoka wiki hii. Huku nyumbani tufanye nini ili tusikwame uwanjani?

---

Mzee wa Makaratasi

Dada, nimefurahi sana kusikia. Hapo mlipofika ni pazuri.

Muombeni wakala wa kule awatumie leo picha za karatasi zote pamoja na stakabadhi ya mzigo. Angalieni sehemu ya mpokeaji: jina lililoandikwa hapo lifanane na kitambulisho cha mtu atakayekwenda kuchukua. Asiandikwe mama kama hataweza kusimama dirishani. Mpelekeeni nakala wakala wa forodha na mwombe kibali cha kuuingiza mwili sasa, msisubiri ndege ipae.

Mwili hautatokea kwenye mlango wa abiria. Unatoka kwenye bohari la mizigo, ambalo mara nyingi lina geti lake na saa zake za kazi. Aende mtu mmoja na dereva mapema, ajue geti ni lipi, bohari linafungwa saa ngapi na wanapokea malipo kwa njia gani. Wengine wote wasubiri nyumbani. Gari liwe refu kiasi cha kupokea kasha, na wawepo watu wa kutosha wa kulibeba, maana mbao na zinki vina uzito.

Pimeni jambo hili pia: jeneza la safari kwa kawaida ni pana na refu kuliko la kawaida. Mwombeni wakala vipimo vyake mumpe anayechimba kaburi. Kama mnataka kumhamishia kwenye jeneza jingine, ulizeni kwanza mamlaka ya afya kama inaruhusiwa kufungua, na mtafute fundi wa kukata zinki awepo na vifaa vyake. Anayefungua awe mtu wa mochwari. Akishamwangalia ndipo awaambie kama hali inaruhusu mama amwone.

Ukiwa na stakabadhi ya mzigo, iweke hapa ukiwa umefuta majina na namba, uache sehemu ya vituo na tarehe. mpakiaji akiwa na nafasi ataitazama njia yenyewe.

---

mpakiaji

Nipo. Dada, itume hata usiku.